Kuhusu Mvinyo Uliomfungua Mdomo Mume Wangu

Mtaa wa Snyder, Brooklyn
Ijumaa asubuhi

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote mnaohangaika kututolea gazeti letu la watu wa visiwa vya Karibi kila wiki. Mimi ni Bibi Verona Gittens, mzaliwa wa Barbados, msomaji wenu tangu gazeti likiwa na kurasa nne. Sijawahi kuwaandikia. Hata mlipokosea jina la marehemu shangazi yangu kwenye tanzia nilinyamaza. Safari hii sinyamazi.

Nalalamikia safu yenu mpya ya Bwana Cumberbatch, anayewafundisha watu ni mvinyo gani unywewe na chakula chetu. Safu hiyo imenivurugia nyumba.

Mume wangu, Lisle, aliendesha treni za chini ya ardhi mpaka alipostaafu. Tumeoana miaka thelathini na minane. Muda wote huo, nikimwekea sahani, hula, hufuta mdomo, husema "Haya," kisha huinuka. Ndiyo hotuba yake yote. Nami nilishaizoea.

Mwezi wa tatu Bwana Cumberbatch akaandika kwamba nguruwe wa ndimu na matango, tunayemla Jumamosi, hupendeza na mvinyo mweupe wenye utamu kidogo, kwa kuwa utamu hutuliza pilipili. Lisle aliikata safu ile kwa mkasi wangu wa kushonea, akaenda nayo duka la mvinyo, akarudi na chupa. Akala kipande, akanywa funda moja, akaweka uma chini. Nikadhani kakwamwa na mfupa.

"Verona," akasema, "hii ndimu unaitia mara mbili. Kwanza unaoshea nyama, halafu unaikamua tena mwishoni."

Ndugu Mhariri, ni kweli. Na sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Tangu siku hiyo nimepatwa na haya yafuatayo:

1. Sina siri tena jikoni mwangu. Mwezi wa nne niliishiwa tangawizi mbichi, nikatia ya unga kwenye mkia wa ng'ombe. Zamani hilo lingepita kimyakimya. Lakini safu yenu ilikuwa imemwagiza mvinyo mwekundu mzito. Alinusa glasi, akaonja nyama, akaniangalia kwa huruma. "Mke wangu, leo tangawizi ni ya kopo, ee?" Nilijiona kama mwizi aliyeshikwa na kuku kwapani.

2. Chakula kinapoa. Akisema, lazima nimjibu, na nikimjibu, anauliza jingine. Jumapili moja tuliketi saa saba mchana baada ya ibada, tukainuka saa kumi na moja, na kipindi changu cha nyimbo redioni kilishapita. Ndipo aliponisimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akimchomea viazi vitamu kwenye majivu, na kwamba bibi huyo alizikwa Lisle akiwa huku Marekani, hana karatasi za kumruhusu kusafiri. Mimi niliacha kumpikia viazi vitamu, kwa sababu mwaka wetu wa kwanza alivisukuma pembeni ya sahani. Nilidhani havipendi. Kumbe vilikuwa vinamliza! Karibu miaka thelathini na minane nimemnyima mtu chakula akipendacho, na nimekuja kujua kwa sababu ya chupa ya Wafaransa. Huo si uungwana.

3. Wifi yangu Ismay, dada yake Lisle, ni shemasi kanisani na hajawahi kugusa kilevi. Alikuja kula, akaiona chupa, akasimama mlangoni na kofia yake. "Kaka, mvinyo mahali pake ni meza ya Bwana!"

"Na nyama hii imepikwa kwa neema ya nani?" Lisle akamjibu. "Keti, dada. Onja kidogo tu."

Alionja kidogo. Kisha akaonja kidogo tena. Mbele ya mashahidi wawili, akatamka: "Wifi, mkia wako wa ng'ombe unaushinda wa mama." Tangu niolewe nimekuwa nikiambiwa kinyume chake, na ugomvi wetu ulikuwa umekaa vizuri, kila mtu akijua nafasi yake. Sasa anakuja kila Jumapili na glasi yake mwenyewe, ameifunga kwenye taulo la vyombo, na ananibusu. Sina tena wa kugombana naye.

4. Hili ndilo zito kuliko yote. Lisle ameingia jikoni. Anasimama karibu na jiko na kuuliza, "Sasa unatia nini? Mbona sasa hivi?" Jumatano alininyang'anya mwiko akasonga ugali wetu unaochanganywa na bamia yeye mwenyewe. Ulitoka na madonge makubwa kama ngumi za mtoto. Aliula wote, akasema mvinyo umeusaidia. Mvinyo gani huo usio na aibu?

Kwa hiyo naomba safu hiyo ifungwe. Ikishindikana, Bwana Cumberbatch aandike wazi kwamba chakula cha Barbados hupendeza na maji ya bomba tu. Na hilo nalo likishindikana, aje nyumbani kwangu Jumapili, aketi kati ya Lisle na Ismay toka saa saba hadi saa kumi na moja, awajibu yeye.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti, mke wako na watoto, na yule dada anayeandika tanzia, mwambie nilishamsamehe.

Ni mimi, niliyechoka kusemeshwa,
Bibi Verona Gittens

Nyongeza: Wiki iliyopita gazeti halikufika kwetu. Jumamosi Lisle aliketi mezani bila safu na bila chupa. Akala, akafuta mdomo, akasema "Haya," akainuka. Nilibaki nimekaa peke yangu na vyombo. Kesho yake nilitoka kanisani, nikaingia duka la mvinyo kwa mara ya kwanza maishani, nikamwambia mama muuzaji, "Dada yangu, leo napika samaki. Nipe chupa itakayomfanya mtu aseme." Alinipa. Lisle alisema mpaka giza likaingia, na mengine hayalihusu gazeti. Tafadhali nitumieni toleo lile lililopotea, na mtuandikie mapema mvinyo wa kunywewa na keki nyeusi ya Krismasi, maana natakiwa kuanza kuloweka zabibu zake.