Paka Ameshinda Hoja Gani?

Habari yenyewe ililetwa na Mtandao, fundi wa simu, akitweta utadhani amefukuzwa na nyuki.

"Jamani, dunia nzima inatujua!"

"Inatudai?" akauliza Wembe bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa.

"Inatusifu! Mgeni mmoja amekula hapa, amekwenda kwao, ametuandika mtandaoni!"

Hapa ni kwa Shangazi: meza chache, paa la makuti, bahari ng'ambo ya barabara, na benchi letu limeegemea ukuta chini ya dirisha la jikoni. Shangazi si shangazi wa yeyote kati yetu, ila hajazaliwa wa kumwita vingine. Wembe ni kinyozi wa mlango wa pili. Kamusi alikuwa karani wa mahakama, akastaafu, lakini mdomo wake haujapata barua. Mimi nashona viatu, wananiita Soli.

"Soma basi, au tukulipie nauli ya ulimi?" nikasema.

Mtandao akasafisha koo. "Anasema hivi: 'Nimezunguka visiwa vingi, lakini kwa Shangazi nimekuta kitu ambacho sijakiona popote. Nawapa nyota tano. Ukifika kisiwani, usikubali kuondoka kabla ya...'" Akanyamaza. Akaitikisa simu.

"Kabla ya nini?"

"Kifurushi kimekata."

"Fundi wa simu mzima huna kifurushi?"

"Na kinyozi mzima ana kichwa kama kichaka, mbona hatumsemi?"

Wembe akajipapasa nywele. "Mganga hajigangi, bwana. Halafu kuna la kuuliza hapo? Kabla ya kula! Mtu anaingia mkahawani aoge?"

Kutoka dirishani likachomoza upawa, halafu uso wa Shangazi. "Rudia hapo kwenye nyota."

Akasomewa mara tatu. Upawa ukarudi ndani ukiimba.

"Napinga," akasema Kamusi, akavaa miwani ambayo haina kazi yoyote kwenye kupinga. "Ngoma ikilia sana hupasuka. Sifa zitaleta wageni, wageni wataleta fujo, na waheshimiwa kama sisi tutakosa pa kukaa."

"Wageni wataleta vichwa!" Wembe akadakia. "Nitanyoa mpaka mashine iombe likizo!"

"Mtu avuke bahari aje kutafuta makovu kwako?"

"Makovu? Nani nimemwacha na kovu?"

Sote watatu tukainua mikono.

Inabidi nieleze hapa kwa nini tunabishana kiasi hiki, msije mkadhani tumekosa malezi. Kijiweni kwetu kuna sheria moja. Shangazi akishakata samaki wa wateja, kichwa kikubwa kuliko vyote hukipika kwa ajili ya benchi, na mshindi wa mabishano ya siku ndiye hukila. Hakimu ni yeye mwenyewe, anasikiliza yote kupitia dirishani. Wengine tunachovya mchuzi na kumeza kinyongo. Kwa ajili ya kichwa hicho niliwahi kuapa kwamba nyangumi anataga mayai, na nikashinda. Mpaka leo Kamusi hajanisamehe.

Siku ile kichwa alipewa Kamusi. "Ngoma hupasuka," Shangazi akatoa hukumu, ingawa macho yake yalikuwa yanatazama barabarani kama yanamsubiri mgeni wa kwanza.

Nao walikuja. Boti haikuwa inashusha watu, ilikuwa inamwaga. Shangazi akanunua viti vya plastiki vyenye mito, akatandika meza vitambaa, akaanza kutuambia "samahani" badala ya "sogeeni huko." Benchi letu likapelekwa uani kupangiwa kuni. Tukavumilia, tukasimama ukutani kama mabango ya uchaguzi uliopita.

Kisha ikafika siku sinia ikaja na mchuzi mtupu.

"Shangazi," nikasema kwa adabu zote nilizofunzwa, "kichwa chetu kiko wapi?"

"Kimeondoka na mwenyewe. Wageni wanataka samaki mzima, kichwa na mkia. Wanampiga picha kwanza."

"Kwa hiyo wamekila?"

"Kula? Wanakiogopa macho. Wamekiacha kwenye sahani. Amepewa paka."

Nilimwona Kamusi akivua miwani taratibu.

"Shangazi, nakuheshimu. Ila nieleze: paka ameshinda hoja gani?"

"Kamusi, nina meza nane zinasubiri. Hoja hazilipi mkaa."

Tukaondoka bila hata kuaga. Tulihamia kwa Wembe, tukakaa kwenye viti vya wateja wasiokuja, tukazitazama sura zetu kwenye kioo. Tulisema hatutarudi kwa Shangazi hata atuletee papa mzima na meno yake.

Shida ikawa maongezi. Nilisema mvua itanyesha.

"Inawezekana," akasema Kamusi.

Inawezekana! Mtu aliyewahi kunibishia tarehe niliyozaliwa! Mtandao akasema simu za zamani zilikuwa bora. Wembe akasema kweli. Nikachokoza, nikasema karani na mfagizi wa mahakama ni kitu kimoja. Kamusi akaitikia kwa kichwa na kusema kila kazi ina heshima yake. Nilihuzunika, sifichi. Marafiki zangu walikuwa wanafia mbele ya macho yangu, na mimi nazikwa pamoja nao nikiwa nimeketi.

Tukiwa katika msiba huo mlango ukafunguliwa. Shangazi, upawa mkononi, aproni ina majivu.

"Mnajua mnachonifanyia?"

"Sisi?" akasema Wembe. "Tumekaa tu."

"Ndiyo hicho! Wageni wanashuka kwenye boti, wanasimama mlangoni, wanautazama ukuta mtupu, wanaondoka. Nimewaonyesha samaki, hawataki. Leo mmoja amenionyesha picha kwenye simu yake. Nikadhani ni ya chakula. Ni ninyi wanne! Soli umemwekea Kamusi kidole puani!"

"Nilikuwa nasisitiza," nikasema.

"Mtandao, una kifurushi leo?"

"Ninacho, Shangazi."

"Malizia kusoma."

Mtandao akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyopungua. "'...usikubali kuondoka kabla ya kuwaona wazee wanne wa benchini. Sijui lugha yao, lakini sijaona watu wanaogombana wakiwa na furaha kiasi kile. Nilikaa kuwatazama mpaka boti ikaniacha. Chakula nacho si kibaya, ila samaki alizidi chumvi.'"

"Wazee?" Wembe akaruka. "Mimi mzee?"

"Chumvi?" Shangazi akamkatiza. "Chumvi gani?"

"Mimi nasoma tu, Shangazi wangu, usinipige."

Shangazi akaketi kwenye kiti cha kunyolea. Kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. "Nilidhani ni upishi wangu," akasema. "Miaka yote hii nikadhani sasa wameuona." Akaukunja upindo wa aproni, akaukunjua. "Na jiko lenyewe limepooza. Nakaanga peke yangu, sina wa kumhukumu. Rudini basi."

Hakuna aliyebisha, na hapo ndipo nilipopaswa kujua kwamba tuna tatizo.

Kesho yake benchi lilikuwa mahali pake, limefutwa vumbi la kuni. Wageni wamejaa, simu zimeinuliwa, wote wanatutazama sisi. Tukakaa wima, mikono magotini, kama tunapigwa picha ya kitambulisho.

"Anza wewe," nikamnong'oneza Kamusi.

"Hapana, kaka, anza wewe."

"Wembe, eti unasemaje kuhusu hali ya hewa?"

"Nzuri. Wewe unaionaje?"

"Nzuri pia."

"Umesema vyema," akasema Mtandao.

Simu zikaanza kushuka, moja moja. Mgeni mmoja akatazama saa yake, mwingine akaanza kutafuta kofia. Dirishani uso wa Shangazi ulitokea, ukatupima wanne, ukapotea. Nikajua tumemwangusha, na safari hii hatutakuwa hata na ukuta wa kuegemea.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa teke. Shangazi akapita katikati ya meza amebeba sinia, akaiweka katikati ya benchi bila neno, akarudi zake ndani. Kichwa. Mashavu yamenona, macho yanatutazama mmoja mmoja, mchuzi unakizunguka taratibu.

Nilimsikia Kamusi akimeza mate.

"Kwa heshima zote," akasema, akikunja mikono ya shati, "kuna jambo nimelivumilia muda mrefu. Nyangumi hatagi mayai."

"Anataga!" Nilikuwa nimeshasimama.

"Umeyaona wapi?"

"Wewe mahakama uliiona wapi, si ulikuwa unasinzia?"

"Mwacheni Soli," Wembe akafoka, "mimi shahidi!"

"Shahidi wa nini, na hujui kuogelea?" Mtandao akaipiga kofia ya Wembe, ikaanguka kwenye mchuzi.

Simu zikapanda zote kwa pamoja, mgeni aliyekuwa anaondoka akavuta kiti akakaa, na juu ya kelele zetu sauti ya Shangazi ikatoka dirishani:

"Na atakayesema kina chumvi, ameshindwa!"