Kiti Kilichomuleta Mama Mukwe Mugongoni Mwangu

Baraka, territoire ya Fizi

Kwa Baheshimiwa ba-ingénieur muliochora pikipiki kubwa ya safari,

Jambo sana kwenu wote mahali mulipo. Jina la kiwanda chenu lilikuwa kwenye tanki lakini magoti yangu yamelifuta, kwa hiyo barua hii nampa kapiteni wa boti ya Kigoma. Ataulizia.

Mimi ni Bertin, mujomba wa batu bengi. Nilisoma mpaka secondaire ya pili, na darasa hilo nililirudia mara tatu, ndiyo maana nalijua kuliko bale baliopita haraka. Pikipiki yenu niliinunua kwa muzungu aliyekuwa anazunguka Afrika. Alifika Baraka vizuri, akaenda kuonja barabara ya Misisi, akarudi akiisukuma, akaniuzia kabla vumbi halijamutoka usoni. Tangu hapo nimeruka nayo muto Mutambala, ng'ambo mpaka ng'ambo; samaki walitoa vichwa kuangalia. Basi muelewe kwamba anayelalamika anajua kuendesha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Urefu. Ukisimama, miguu inatafuta ardhi na ardhi haipo. Nikitaka kushuka, naegemea kwanza ukuta wa kanisa. Bakristo banadhani nimeokoka, kumbe natafuta pa kuweka muguu.

2. Vishikio. Muliweka kitufe cha kupasha mikono joto. Huku kando ya ziwa, ambako hata kivuli kinatoka jasho! Nilipopanda mulima wa Bibokoboko kwenye baridi, Muzee Gisaro, mwenye ng'ombe zake, alivishika mpaka betri ikafa, na bado akakataa kuviachia. Tuliteremka mulima bila injini, mimi na pikipiki, na jeep moja tukaipita.

3. Kiti. Hapa ndipo penye uchungu. Mulichora kiti kimoja kirefu, chenye kuteremka kuelekea dereva. Ba-ingénieur, kwenu mama mukwe anakaa wapi? Kwetu mwanaume hamugusi mama mukwe wake. Hata kupokea kitu mukononi mwake ni aibu. Akimuona njiani, anapinda kwenye majani.

Sasa mama mukwe wangu, Mama Immaculée wa Nundu, alitaka kuja kumutembelea binti yake. Muke wangu Nadège akaniambia: "Papa, kamulete. Si kila siku unatuchosha masikio, eti uko na pikipiki ya kuzunguka dunia?" Nikaenda. Kwa heshima nikasimamisha gunia la muhogo katikati yetu, liwe ukuta. Tukasafiri vizuri, yeye akielekeza njia kutoka nyuma ya gunia.

Kufika sokoni Baraka, mbuzi akakatiza. Nikakamata frein ya mbele, ile breki ya mukono. Frein yenu inashika kama polisi wa barrière ya barabarani! Pua ya pikipiki ikapiga magoti, gunia likaruka juu ya kichwa changu, na mama mukwe akateleza kwenye kiti chenu mpaka mugongoni mwangu, akanikumbatia tumbo kwa mikono miwili. Mbele ya soko nzima! Bamama bauza samaki ndagala bakapiga vigelegele: "Bertin! Sasa umeoa mama na mutoto?" "Kaza mikono, mama, asikutoroke!"

Jioni ile shemeji yangu Darius akaja na lori kubachukua Nadège na mama yake, akabarudisha Nundu. Pikipiki nayo akaibeba, iwe shahidi. Bazee ba ukoo wao bamesema Nadège hatarudi mpaka nioneshe kwa maandishi kwamba kosa ni la kiti, si la mukwe. Sasa najipikia. Bugali ninayosonga, hata kuku wanaizunguka kwa mbali.

4. Maombi. Mubadilishe muchoro. Wekeni ukuta wa bati kati ya dereva na abiria. Lakini ukuta utamuzuia mama mukwe kuona njia, na hawezi kusafiri bila kuelekeza. Basi toboeni dirisha. Dirisha litamuonesha shingo yangu, basi pazia. Pazia litapeperushwa na upepo. Basi kiti chake kisukumwe nyuma sana. Kikienda nyuma hivyo, kitahitaji gurudumu lake. Na gurudumu bila injini ni kumukokota mama wa mutu kama toroli, ni matusi; basi injini. Munaona? Pikipiki ya mutu na mama mukwe wake ni pikipiki mbili zilizofungwa kamba. Nashangaa basomi kama nyinyi hamukuliona.

Kabla ya hizo pikipiki mbili, nitumieni haraka karatasi yenye muhuri: "Kiti ndicho kilianza." Inatosha kunirudishia muke.

Nabasalimia wote wa kiwandani, babibi zenu, batoto, mulinzi wa mulango, na bamama wakwe zenu kwa mbali, kama inavyopasa.

Mimi mwenye kubaheshimu kwa tumbo tupu,
Mujomba Bertin

P.S. Nilikuwa nafunga bahasha, nikasikia muungurumo. Nadège amerudi! Ameketi nyuma; anayeendesha ni mama yake. Amejifunza kule Nundu, miguu inafika chini, na amebaambia bazee kiti hakina kosa: mama na binti banakaribiana vizuri, na frein ni tamu kwa mutu anayeangalia mbele. Kesi imefungwa. Musibadilishe hata musumari, na ule muhuri uacheni. Shida imebaki moja tu: anasema pikipiki ni yake sasa, na funguo ameishika mukononi mwake, mahali nisiporuhusiwa kupokea kitu.