Kupimwa Furaha Msimu wa Pilipili Hoho

Jumatatu, 8 Septemba
Amekuja mtafiti wa chuo kikuu, Teodora, binti mpole. Anapima furaha. Si ya leo wala ya jana, bali ile iliyo tabia ya mtu, ya miaka na miaka. Simu italia wakati wowote, nami nibonyeze namba: moja ni huzuni, saba ni raha tupu. Vidosava, mke wangu, alicheka hadi akakaa chini. Eti mimi nilizaliwa nimenuna. Tukawekeana dau: nikionekana mnunaji, ufunguo wa chumba cha rakija anashika yeye hadi Krismasi. Rakija yangu, pombe kali ya plamu niliyoipika mwenyewe! Nimekubali. Mpango ninao.

Jumanne, 9 Septemba
Mpango: saba kila mara. Simu ikalia, nikabonyeza saba na kuitangaza. Vidosava akatema mate mara tatu, akagonga meza. Kweli, nani mtaani hapa husema yuko vizuri sana hivihivi, jicho la husuda likisikia? Hofu ikaniingia. Simu ilipolia tena nikabonyeza moja, ya kinga. Teodora akapiga kuuliza kama tuna msiba. Nikamweleza kwamba nina furaha, ndiyo maana nimebonyeza moja. Akaniomba nirudie, polepole.

Alhamisi, 11 Septemba
Mpango mpya! Nimeifunga simu kwa uzi mwekundu na kitunguu saumu. Sasa saba haina hatari. Jirani Živadin akauliza simu imeanza lini kuugua mafua. Wivu tu.

Jumamosi, 13 Septemba
Siku ya kupika ajvar, rojo ya hoho ya akiba ya majira ya baridi. Tumechoma hoho uani tangu alfajiri. Nimelalamikia kuni, moshi, mgongo wangu na jinsi Živadin anavyokoroga. Katikati nimeimba. Siku nzuri mno, natema mate. Jioni nikakumbuka simu. Imo sufuriani, imeiva pamoja na kitunguu saumu chake. Kwaheri rakija.

Jumatatu, 15 Septemba
Teodora amekuja na jibu. Namba zangu amezitupa zote, akawauliza wanaonijua. Nikajua nimekwisha.

Kumbe Vidosava alimwambia, "Huyu hulalamika kama wengine wanavyopiga mluzi. Miaka yote hii sijamwona akilala na huzuni." Živadin naye alikubali, kwa shingo upande. Mimi ni mtu wa furaha, tena ya kudumu! Vidosava mwenyewe akaniachia ufunguo, ingawa angesema tu nimenuna, dau lingekuwa lake. Machozi yakanilenga. Nikasingizia moshi, na moto ulizimwa juzi.

Teodora atarudi majira ya kuchipua, aone kama furaha ni ileile. Safari hii sibahatishi. Vidosava alijibu vizuri, lakini ovyoovyo, bila mpango. Kesho naanza kumfundisha majibu. Simu mpya nimeshaivalisha uzi.