Maneno Yangu Matatu

Jumatatu, 10 Juni
Nimepata nafasi! Filamu, Jumamosi, upande wa Alupe. Mimi ni mwombolezaji wa tano kwenye matanga. Maneno matatu: "Mzee, umetuacha mapema." Mwelekezi, Willis, anataka niyaseme tu, nipite. Nipite! Mtu mwenye shahada ya fasihi! Nitatanguliza nduru. Filamu nzima itaegemea hapo.

Jumanne, 11 Juni
Mazoezi chumbani, alfajiri. Nduru ya tatu ilikuwa kamilifu. Nikafungua macho: wapangaji wa ploti nzima mlangoni. Mama Ajiko, jirani wa ukuta mmoja nami, akanikumbatia, akauliza aliyefariki ni nani. Ningesema filamu? Wangenicheka hadi Malaba. Nikasema mjomba Osukuku wa Angurai. (Mzima kabisa. Jana alikuwa analima.) Mara wakaleta sukari, mara kuni za matanga. "Pole, dada. Hatukuachi uende peke yako. Tunazika lini?" Mdomo ukasema Jumamosi. Siuelewi mdomo wangu.

Alhamisi, 13 Juni
Majirani wamepata lori la kutupeleka mazikoni. Adhuhuri nikaona mwanga. Jumamosi nina matanga tayari, ya filamu! Nitawaambia tunazika Alupe. Hema lipo, jeneza lipo, padri yupo. Watalia, watakula, watarudi. Wakati mwingine akili yangu hunitisha.

Jumamosi, 15 Juni
Sielewi. Mama Ajiko aliruka kutoka kwenye lori akipiga nduru, akapita kamera, akakumbatia jeneza. "Osukuku! Umeniachia nani?" Hajawahi hata kumwona! Mshika kamera akalia. Nikasema maneno yangu. Hakuna aliyesikia. Nikayarudia kwa sauti. Mtu akaninyamazisha.

Kisha maiti akaketi, akaomba maji.

Majirani wakatimua mbio, viti juu chini. Jeneza likaanguka na mwenyewe ndani. Mama Ajiko peke yake hakukimbia. Alimtazama maiti, akanitazama mimi.

"Dada, huyu ndiye mjomba?"

Nilieleza yote. Alisema nirudishe sukari. Willis alikuwa anapiga makofi.

Jumapili, 16 Juni
Willis amepiga simu. Maneno yangu amepewa Mama Ajiko. Maiti ameumia kiuno, ameacha kazi. Nafasi yake jenezani ni yangu.

Nililia saa nzima, kimya, kwa adabu. Kisha nikafikiri. Maiti yuko katikati ya kila picha! Nduru zote ni zake!

Nimewaapia majirani kwamba hawatasikia tena sauti yangu. Hawatasikia. Kesho alfajiri, mazoezi: nitajipaka unga usoni, nilale chali, mlango wazi nipate hewa. Wakiniita, sijibu. Wakinitikisa, sijibu.