Miaka Sita kwa Ajili ya Simba

Jumatatu, 5 Mei

Mkutano wa wanafunzi uani pa chuo. Nilisimama juu ya benchi nikatangaza kwamba Simba, jina ambalo Brazili nzima imeipa mamlaka ya kodi, hashibi, na kwamba mtu huru hampi hata ukucha. Makofi! Jioni nikajaza taarifa yangu ya kodi. Kibarua cha kufundisha kimenitia kinywani mwa mnyama. Lakini sheria ina ufa: kila mtegemezi hupunguza kodi. Ninao wawili, Dalvanira, mwenzangu, na Maiara, bintiye. Ufa nao una mlinzi: mwenza asiye wa ndoa hahesabiwi mpaka muwe mmeishi pamoja zaidi ya miaka mitano. Sisi tuna miwili. Miwili! Je, mapenzi hupimwa kwa kalenda? Nimeandika sita.

Jumanne, 6 Mei

Uongo mzuri huhitaji shahidi. Nilimwendea Bi Zuleide, jirani wa ukuta kwa ukuta, nikiwa na keki ya mahindi. Nilimwambia kwamba karatasi ya kushuhudia kuwa mimi na Dalvanira tumeishi pamoja miaka sita ni ya kawaida tu. Akasema, "Mwanangu, kwa keki hii ningeapa kuwa wewe ni askofu." Tukaongozana hadi ofisi ya mthibitishaji, kwa kuwa hapa Caruaru neno lisilogongwa muhuri si neno. Sahihi yake ikagongwa. Dalvanira sikumwambia. Yuko hoi kwa kushona magauni ya ngoma za sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi ujao, na mwanamapinduzi hamsumbui mfanyakazi.

Alhamisi, 8 Mei

Balaa! Bi Zuleide alimaliza keki, akaanza hesabu. Miaka sita iliyopita Dalvanira alikuwa bado mke wa Wanderley, mwoka mikate wa pale kona, ndani ya nyumba hiihii. Ikiwa nami nilikuwemo... Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujumlisha. Wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja alisema kwamba gauni la sikukuu ya mtakatifu halishonwi na mwanamke aliyefuga waume wawili chini ya paa moja.

Kisha akaja Wanderley, unga hadi kwenye nyusi. Aliniuliza mbele za watu iwapo miaka yote ile nilikuwa nalala kabatini. Nilimjibu kwamba kummiliki mke ni mabaki ya ukabaila. Jibu baya. Umati ukalipokea kama ungamo.

Dalvanira hakupiga kelele. Angepiga, ningejua la kufanya. Aliuliza tu, "Nani anamtegemea nani, we bwana? Gesi nanunua mimi." Akasema jina lake limechafuliwa mbele ya watu na mbele ya watu litasafishwa: niende duka la mikate, saa ya mkate wa moto, nikaseme kweli, ama nifungashe vitabu vyangu. Maiara aliuliza kama anisaidie kufungasha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeandika hotuba ya kurasa kumi na moja: "Dola, Mkate na Kitanda."

Jioni. Mkate ukatoka tanurini, foleni ikafika barabarani. Nikapanda juu ya kreti. Nikaanza na chimbuko la kodi. Nilipowafikia wafalme wa Ureno, mzee mmoja aliuliza kama wafalme hao wananunua mkate au wanazuia foleni tu. Dalvanira akanivuta suruali. "Fupisha, baba!" Nikafupisha. Nilisema kwamba nilidanganya. Kwamba tuna miaka miwili tu. Kwamba kabla ya hapo mwanamke huyu hakunijua hata kwa jina. Kwamba nilitaka kumpunja Simba. Kisha kicheko cha foleni nzima, na aliyekianzisha ni Bi Zuleide! Sijapata kuutikisa umati kiasi hicho, na sikufurahi hata kidogo. Wateja wawili waliahidi kurudisha vitambaa. Wanderley alinipa mkate wa jana. Bure, alisema, maana wa moto ni wa waungwana.

Jumapili, 11 Mei

Nimeyafuta majina yote mawili kwenye taarifa. Nimeruhusiwa kuacha machela ya uani, nilikolala tangu Alhamisi, na kurudi kitandani. Dalvanira amenipikia kuskusi ya mahindi na yai, akasema huenda siku moja nitakuwa mtu. Nimetubu kwa dhati. Hila si silaha ya msomi.

Baada ya chakula nikaisoma sheria, kwa mara ya kwanza, hadi mwisho wa sentensi. Miaka mitano, yasema, AU mtoto mliyemzaa pamoja. Au! Neno dogo, tukufu! Tena mtoto akizaliwa hata siku ya mwisho ya Desemba, anahesabiwa mwaka mzima. Nimehesabu kwa vidole. Miezi tisa haitoshi. Lakini watoto wa miezi saba huzaliwa kila siku, na ukoo wetu haujapata kuwa na subira.

Dalvanira yuko kwenye cherehani, pini mdomoni. Hotuba iko tayari. Kurasa nne tu.