Kivuli cha Tangi la Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Friji imegoma tena. Paneli nne za sola juu ya paa, jua la kuchoma utosi, na siagi imekuwa mchuzi. Mama mkwe anafika Ijumaa. Mara ya mwisho alimwambia binti yake, nami nimekaa palepale, kwamba ameolewa na maneno matupu. Safari hii atakunywa maji baridi kwangu mpaka meno yamuume.

Fundi umeme kapanda, katazama, kashuka. Anasema tangi jipya la jirani linatia kivuli paneli moja, na kwa kuwa zote zimeungwa kwa mfuatano, hiyo moja inazivuta nyingine chini. Dawa yake ni optimaiza: kidude kinachofungwa nyuma ya kila paneli, kila moja izalishe kadiri iwezavyo bila kuburutwa na nyingine. Nimemshukuru. Nina njia yangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba jirani asogeze tangi. Kaniuliza kama mimi ningeweza kusogeza nyumba.

Jumatano, 5 Machi
Nimevumbua! Kioo cha kabati la mke wangu nimekifunga kwenye mlingoti wa antena, kimulike paneli ya kivulini. Kufika saa nane, jua limehama. Mwanga ukaingia sebuleni kwa jirani na kutua kwenye kipara chake, mwenyewe kasinzia kwenye kochi. Kaja mlangoni kavaa kofia, hana mzaha. Mke wangu anachania nywele mbele ya sufuria.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesalimu amri, fundi kafunga optimaiza nne. Paneli ya kivulini inatoa kidogo, zile tatu zinatoa kwa nguvu zote. Friji inanguruma. Mimi nilishika ngazi, kazi ambayo watu huidharau.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kafika, kanywa bilauri tatu mfululizo. Kauliza nani kafanya kazi nzuri hivi. Nikasema ni mimi, kwa msaada kidogo. Mke wangu akakohoa.

“Basi huyo msaada,” mama mkwe akasema, “mpe salamu zangu.”

Jumamosi, 8 Machi
Nimewaza sana. Kama kivuli hakina madhara tena, kwa nini paa likae bure? Nimeleta mbao na njiwa kumi na wawili. Banda litafunika paneli tatu tu. Nimemweleza fundi kwa simu. Kakata simu. Nadhani inamuuma kwamba wazo si lake.