Magunia Saba na Msumari Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Raia! Leo nimeamka raia. Hakuna tarumbeta, hakuna gwaride. Nimekaa kitandani nikimsikiliza jogoo wa jirani, nikaona hana mpangilio kabisa. Nimesali. Nimemshukuru Mungu kwa miaka yote niliyotunza bohari ya jeshi, buti, blanketi na sabuni za watu wengine, na hakikupotea kitu. Isipokuwa sindano moja nene ya kushonea mahema. Iko kwa mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, na Mungu anajua tulikotoka.

Kiinua mgongo kimeingia. Mke wangu alitoa lake kabla chai haijapoa: kwanza kodi ya nyumba. Kota ya kambi tunairudisha mwisho wa mwezi, na yeye ameshaona nyumba nyuma ya kiwanda cha matofali. Vyumba viwili, dirisha linatazama mashariki, hapo ndipo cherehani itakaa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, Jumamosi tarehe 22, la sivyo anampa mwingine.

Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema anataka kupigilia msumari. Kota hairuhusu kutoboa ukuta. Tangu tuoane, picha yetu ya harusi imelala kifudifudi sandukuni, kota baada ya kota. Alisema polepole, akiupapasa ukuta wa serikali kama mgonjwa asiye wake.

Nimemwahidi. Fedha yote iko kwenye sanduku la chuma, kufuli juu, ufunguo shingoni mwangu. Nani ajuaye kutunza vitu kuliko mimi?

Jumatano, 5 Juni

Kazi mpya! Mtunza bohari, duka la magodoro. Tajiri wangu ni mama mwenye sauti nene, mji mzima unamwita Mama Magodoro. Alinikagua kuanzia kofia hadi viatu kama kuruta, akasema nusu mshahara mpaka majaribio yaishe. Nikampigia saluti. Akaniambia nishushe mkono, wateja watadhani duka limevamiwa.

Lakini bohari yenyewe! Magodoro yamesimama safu kwa safu, meupe, kama mawingu yaliyoambiwa yasubiri. Mwanga unaingia kwa vioo vya juu na kushuka bila haraka. Kelele za barabarani hazifiki. Ukipiga chafya, inamezwa. Nimezunguka humo nikijiona natembea ndani ya kichwa cha mtu aliyelala.

Nyumbani nimetangaza utaratibu wa bohari: kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Mkate wa jana uliwe leo, wa leo uliwe kesho. Binti yetu, mwenye mdomo wa mama yake, akauliza mkate laini tutaula siku gani. Nikamweleza: kesho, ukishakauka. Akamtazama mama yake. Mama yake akautazama mkate.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji amekuja. Ni mdogo wake mke wangu, karani wa idara ya maji. Tunamwita Asilimia, maana hawezi kuomba chumvi bila kutaja asilimia ngapi. Amekuja na bahasha! Ya kodi, ya chakula, ya dharura. Akadai familia nyingi zikitoka jeshini huyumba kwa sababu hazijui bei ya vitu. Maji bure, taa bure, dawa bure, halafu siku moja unatoka getini na kila bomba lina mdomo, linaomba hela.

Mke wangu alikuwa akiitikia kwa kichwa kama yuko ibadani. Mimi haniitikii hivyo.

Nilimuuliza Asilimia kama amewahi kutunza akiba ya kikosi kizima. Akaniuliza kama mimi nimewahi kununua kiberiti. Sijawahi. Jeshini kiberiti unakisainia. Binti akacheka mpaka akatoka nje.

Jumamosi, 8 Juni

Mungu amesema nami!

Ilikuwa adhuhuri, bohari kimya. Nilikuwa nakagua godoro la bei kubwa, lile la springi. Nililikagua kwa mgongo. Nikazama. Mara nikaona magunia saba manene yakitoka mtoni, yamepanga mstari, kushoto kulia, kushoto kulia, yananitabasamia. Nyuma yake magunia saba membamba, yameshika matumbo. Yale membamba yakayameza manene na yakabaki membamba vilevile!

Nimeamka na kusimama wima. Ndoto hii naijua! Ni ile aliyoitafsiri Yusufu. Na Yusufu alikuwa nani? Mtunza bohari! Hakuwa na bahasha hata moja.

Tafsiri haina shida. Manene ni siku hizi za kiinua mgongo, membamba ni miezi ya nusu mshahara. Sasa ni mavuno, mahindi bei ya chini. Nanunua magunia saba. Kabla ya tarehe 22 bei imepanda, nauza matano, narudisha fedha sandukuni na ziada juu, mawili tunakula. Mke wangu atafungua sanduku na kukuta limenenepa. Nimeuona uso wake kabisa, umepigwa na jua la dirisha la mashariki.

Jumanne, 11 Juni

Tayari! Zaidi ya nusu ya sanduku imetoka. Mfanyabiashara alinishika mkono kwa muda mrefu hivi kwamba nilidhani ananiombea dua. Magunia nimeyaficha bohari, nyuma ya safu ya mwisho. Mawingu mbele, neema nyuma. Nimerudi nyumbani kwa miguu, na miguu haikugusa ardhi.

Alhamisi, 13 Juni

Bei imeshuka! Malori yameingia mengine. Nilipita sokoni kuuliza, yule mfanyabiashara akanichangamkia, akauliza kama nataka mengine saba. Nimejiambia subira ni ufunguo.

Mke wangu ameomba tuhesabu fedha ya kodi pamoja. Nikamjibu kwamba bohari haikaguliwi bila taarifa ya maandishi. Akasema, “Sawa, Afande.” Akiniita Afande, kuna wingu mahali.

Jumatatu, 17 Juni

Ee Mola wangu.

Kijana anayekaribia kuoa alikuja kuchagua godoro. Akajilaza kwenye lile la springi, akafumba macho, akatabasamu. Kisha godoro likalia. Mama Magodoro akasema ni springi mpya. Likalia tena, sauti ndogo, nyingi. Kijana akaruka na kiatu kimoja. Mama Magodoro akasema springi zake hazijawahi kunyonyesha.

Wakapasua. Panya na wanawe, wekundu kama vidole vya mtoto mchanga, wamelala usingizi ambao mimi nimeutafuta maisha yangu yote. Wakafuata njia ya punje mpaka nyuma ya safu ya mwisho, kwenye neema yangu. Magodoro manne yametafunwa ubavuni.

Mama Magodoro akaniuliza kama alinipa kazi ya duka au ya kusaga nafaka. Akauliza hao panya nao niliwasainia. Kisha akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha: kufikia Ijumaa magodoro yawe mazima au niyalipe na niondoke. Na magunia yatoke leo hii hii.

Jumanne, 18 Juni

Magunia yalifika kota jana kwa mkokoteni, mchana kweupe, mtaa mzima unatazama. Mke wangu alikuwa kizingitini na futi ya kupimia shingoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu Yusufu. Hakuisubiri. Akaniinamia, akauvua ufunguo shingoni mwangu taratibu kama anayemvua mtoto shati, akaenda kufungua sanduku.

Akatazama ndani. Akarudi, akaketi juu ya gunia.

Nilitegemea kelele. Kelele ningezimudu, nimepigiwa kelele na makapteni. Alisema neno moja tu: “Msumari.” Na machozi yakamtoka bila sauti, akayafuta kwa ncha ya ile futi.

Leo nimesali rakaa baada ya rakaa mpaka magoti yakafa ganzi. Hata mkate wa jana haupiti.

Alhamisi, 20 Juni

Nyumba imegeuka kiwanda! Mke wangu hakukaa na huzuni zaidi ya siku moja. Mahindi mazima kayapeleka kusagisha, anauza unga kwa kopo kwa wake wa askari wote wa kota. Binti anapima, ulimi nje. Asilimia kaitwa, kaja mbio, anabeba magunia na suti yake ya ofisini, nywele nyeupe kwa unga kama mzee wa miaka mia. Nilimwambia unga unampendeza. Akanijibu asilimia tisini ya unga huo ni ujinga wangu. Nikapita. Nilikuwa na gunia kichwani.

Kisha mke wangu akachukua ile sindano. Ndiyo, ile ya mahema! Akaenda nayo kwa Mama Magodoro, mimi nyuma nimebeba nyuzi. Hakusalimia sana. Akapiga magoti mbele ya godoro la kwanza na kuanza kushona, na bohari nzima ikanyamaza kumsikiliza. Uzi unaingia, uzi unatoka. Mwanga ulikuwa unashuka begani kwake. Nilisahau kwamba nina kosa. Nikamwona vile nilivyomwona mara ya kwanza, akishona cheo changu kwenye mkono wa shati, akanichoma makusudi.

Jioni Mama Magodoro alipapasa ubavu wa godoro kwa kiganja, akatafuta mshono. Hakuuona. Akatafuta tena. Akasema ana magodoro yaliyorudishwa na wateja, yamejaa ghala la pili, na foronya za kushona hazina mtu. Akauliza fundi anataka malipo kiasi gani ya kuanzia. Mke wangu akataja. Mimi nilikohoa. Mama Magodoro akalipa.

Mimi nimebakizwa kazini. Sababu aliyoitoa ni kwamba fundi atahitaji mtu wa kunyanyua.

Jumamosi, 22 Juni

Imelipwa! Fedha ya unga, malipo ya kuanzia na kilichobaki sandukuni, vyote vikakutana penye haja bila kuzidi hata sumni. Mke wangu kahesabu, Asilimia kashuhudia, mimi nimelinda mlango. Mwenye nyumba alinyoosha ufunguo kuelekea kwangu. Mke wangu akaupokea njiani.

Jumapili, 30 Juni

Tumehama. Naandika haya nimekaa sakafuni, jua la asubuhi limenijia mpaka magotini kama paka.

Alikataa kutandika kitanda kabla ya msumari. Akautazama ukuta, akaupapasa, huu wa kwetu. Akagonga mara moja, akasikiliza. Hakuna aliyekuja kumkataza. Akagonga tena. Picha ikapanda: mimi mwembamba, yeye anacheka jambo ambalo wote wawili hatulikumbuki tena. Imekaa upande. Nikamwambia nimnyooshee. Akasema niiache, ndivyo ndoa yenyewe ilivyo.

Kisha akavunja mkate wa leo. Wa jana upo, mzima, mfukoni! Nikafungua mdomo kukumbusha utaratibu, binti akanitia kipande. Mungu anisamehe. Ni kama kula lile wingu.

Nikakaa juani nikitafakari. Nani ameleta haya yote? Bila magunia, panya wangetoka wapi? Bila panya, nani angepasua godoro? Bila godoro kupasuka, mke wangu angeipataje kazi? Ndoto imetimia, neno kwa neno! Nimemweleza Asilimia, aliyekuja na kabati. Akasema mchango wangu ni asilimia sifuri. Wivu ni ugonjwa.

Nikasinzia palepale kidogo. Na tazama! Misumari saba minene inang'aa, inatembea mstari mmoja kuelekea jua, kushoto kulia, kushoto kulia. Nyuma yake saba miembamba, ina kutu.

Nimeamka ninatetemeka kwa furaha. Tafsiri haina shida. Nyumba nyingi mpya zinajengwa mtaani huku, zote zina kuta, na kuta zinataka misumari. Duka la pembeni linauza katoni kwa bei ya jumla. Ufunguo wa sanduku uko shingoni mwa mke wangu, sawa. Lakini kesho ni siku ya mshahara, nusu yangu ya kwanza, na Mama Magodoro hulipa mkononi.

Katoni saba zinaenea chini ya kitanda, nimeshapima. Sitamwambia mtu kwanza. Hata Yusufu, alipoanza kusimulia ndoto zake, ni wa nyumbani kwake ndio hawakumwelewa.